Kubadilisha Briji ya Gitaa la Jazi: Mguso Kwanza, Mti Baadaye

Wapiga gitaa wengi wanaoniuliza namna ya kuboresha sauti ya gitaa la jazi huja wakiwa wameshaamua watanunua nini, na mara nyingi ni pikapu mpya (kile kinasa mtetemo wa nyuzi) ya bei ya kuumiza. Mimi huwaomba kwanza wasogee dirishani, wainue gitaa hadi usawa wa macho na kutazama chini ya briji, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso wa gitaa. Katika magitaa mengi ya kiwandani wataona ufa wa mwanga, ama katikati ya kitako cha briji, ama kwenye ncha zake mbili. Pale penye mwanga mbao hazigusani, na mtetemo wa uzi unaoelekea kwenye uso wa gitaa hulazimika kupita kwenye sehemu chache tu zinazogusana. Ushauri wangu wote katika makala haya umejengwa juu ya jambo hilo: briji ikae vizuri kwanza, ndipo tubishane kuhusu chuma na mti.

Gitaa ninalolizungumzia ni lile lenye tumbo tupu na uso wa mbinuko, lenye matundu mawili ya umbo la herufi f kama fidla. Kampuni ya Gibson, huko Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, ndiyo iliyolipa sura tunayoijua leo ilipotoa L-5 mwaka 1922. Briji ya gitaa hili haibandikwi kwa gundi wala haifungwi kwa skrubu. Nyuzi huanzia kwenye kishikio kilichofungwa mkiani, hupita juu ya briji na kwenda hadi kichwani, na mgandamizo wake peke yake ndio unaoishikilia briji mahali pake. Ukilegeza nyuzi zote, briji inabaki mkononi mwako. Kwa sababu hiyo kazi ya kuibadilisha haihitaji kutoboa wala kukata kitu chochote kwenye gitaa lenyewe, na usipopendezwa na matokeo unairudisha ya zamani bila gitaa kupata alama yoyote.

Briji ya vipande viwili, yenye kitako kinachokaa juu ya uso wa gitaa na kipande cha juu kinachopandishwa na kushushwa kwa magurudumu mawili madogo, ni kazi ya Thaddeus McHugh, fundi wa Gibson, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kwa miongo iliyofuata kipande cha juu cha magitaa haya kilikuwa kwa kawaida cha mti. Briji ya chuma iitwayo Tune-o-matic ilikuja baadaye, wakati Ted McCarty akiiongoza kampuni hiyo, na mwaka 1954 ilikuwa tayari kwenye Les Paul Custom, ambalo ni gitaa la mwili mgumu. Ilipendwa kwa sababu ya maana kabisa: kila uzi una kikalio chake kinachosogezwa mbele na nyuma kwa bisibisi, hivyo kila uzi unaweza kurekebishwa peke yake hadi noti zake ziwe sahihi shingo nzima. Polepole ikahamia kwenye magitaa ya tumbo tupu. Hata ES-175, gitaa lililotoka mwaka 1949 likiwa na briji ya rozwudi, na ambalo Joe Pass na Jim Hall walilitumia kwa muda mrefu, lilikuja kufungwa briji ya chuma kiwandani katika miaka ya 1970. Leo ukinunua gitaa la jazi la bei ya kati, uwezekano ni mkubwa kwamba utakuta kitako cha mti na juu yake kipande cha chuma.

Chuma hicho mara nyingi ni aloi ya zinki, yenye uzito wa karibu gramu 6.6 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali abunusi ina karibu gramu 1. Tofauti hiyo ina kazi mbili zinazovutana, na ndiyo maana watu wawili wenye masikio mazuri wanaweza kusikiliza briji moja na kutoa maelezo yanayopingana. Kwa upande mmoja, uzito unaoongezwa kwenye briji huuzuia uso wa gitaa usitetemeke kwa wepesi; wapiga fidla wanalijua hili vizuri, kwa kuwa wanapotaka sauti iliyofifia hubana kipande kidogo cha uzito juu ya briji. Kwa upande mwingine, chuma hakimezi mtetemo kama mti unavyoumeza, hivyo nguvu hubaki kwenye uzi kwa muda mrefu zaidi na noti hutoka na mng'ao wa juu. Mti mwepesi huipokea nguvu ya uzi upesi na kuimwaga upesi: noti hufunguka ghafla kwa mdundo mfupi, kisha hufifia mapema. Anayepiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za kusindikiza pamoja na besi na ngoma hunufaika na ufupi huo, kwa sababu kila kodi huacha nafasi kabla ya inayofuata. Anayependa noti ndefu zinazoimba katika wimbo wa mwendo wa pole anaweza kuona amepoteza kitu, na sitambishia.

Ni vema pia kusema kile ambacho briji haitakifanya. Gitaa linalopigwa kwa pikapu ya sumaku na amplifaya iliyofunguliwa sana litaficha sehemu kubwa ya tofauti hizi, kwa kuwa pikapu husikiliza uzi na si mbao. Uso uliochongwa kutoka kwenye ubao mzima wa mti wa sprusi huonesha mabadiliko ya briji kwa uwazi kuliko uso wa mbao za tabaka. Na iwapo bado unatumia nyuzi za kawaida za mzunguko, zile zenye mikunjo inayosikika kidole kinapoteleza, basi badilisha nyuzi kabla ya kugusa briji. Seti ya nyuzi bapa, zisizo na mikunjo hiyo, kuanzia 0.012 ya inchi kwa uzi wa kwanza na yenye uzi wa tatu uliozungushiwa waya, itakupeleka kwenye sauti ya jazi hatua ndefu kuliko kipande chochote cha mti, na briji utakayoichagua baadaye itategemea nyuzi hizo.

Nilipofanya kazi hii kwenye gitaa langu, ambalo ni la kiwandani na uso wake ni wa mbao za tabaka, niliigawa makusudi katika hatua mbili. Kwanza nilikisugua kitako tu hadi kikakaa sawasawa, nikakirudisha kipande kilekile cha chuma na nyuzi zilezile. Baadaye ndipo nikaweka kipande cha abunusi. Kila hatua niliirekodi kwa simu iliyowekwa mahali pamoja, na amplifaya na bila amplifaya, nikipiga mambo yaleyale kwa piki ileile, kwa maana sikio lina tabia ya kukubaliana na mkono uliofanya kazi. Tofauti kubwa ilitokea katika hatua ya kwanza. Mkwaruzo mdogo wa uzi wa nne, uliosikika kila nilipopiga E ya freti ya pili na ambao kwa muda mrefu nilidhani unatokana na freti, ulitoweka. Noti za besi, zilizokuwa zikitoka pana na zisizo na mwanzo, zilipata ncha. Bila amplifaya gitaa lilisikika hadi chumba cha pili. Hatua ya abunusi ilileta mabadiliko madogo zaidi na ya aina nyingine: mng'ao wa juu ulipungua, noti zikawa fupi, na ule mdundo wa mti mwanzoni mwa noti, ambao tumeuzoea katika rekodi za miaka ya 1950, ukaanza kusikika. Hatua ya kwanza ilitibu kasoro. Ya pili ilikuwa suala la ladha. Mwenye fedha kidogo anaweza kuishia kwenye ya kwanza, ambayo gharama yake ni msasa na uvumilivu, na atakuwa amepata sehemu kubwa ya faida.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kulegeza nyuzi, bandika vipande vya tepu ya karatasi, ile inayotumiwa na wapaka rangi, mbele na nyuma ya kitako, kisha chora kwa penseli mahali kilipo. Usiiache tepu hiyo kwa siku nyingi, hasa kwenye gitaa la zamani lenye vanishi ya nitroselulozi, kwa kuwa inaweza kung'oka pamoja na vanishi. Tandaza kitambaa kizito chini ya kishikio cha mkiani, maana nyuzi zikishalegea kishikio hicho hulala chini kwa uzito wake na kuukwaruza uso. Ondoa nyuzi, toa briji, na uzibe matundu ya f kwa karatasi ili vumbi la msasa lisiingie tumboni na kutua kwenye potenshiometa, vile vidhibiti vya sauti na toni.

Lalisha kipande cha msasa juu ya uso wa gitaa, mahali hasa briji inapokaa, upande wa chenga ukitazama juu, na uubane kwa tepu pembeni. Kwa namna hiyo gitaa lenyewe ndilo linalokichonga kitako, na mbinuko wake, ambao haufanani kabisa kati ya gitaa moja na jingine, hunakiliwa kama ulivyo. Anza na namba 80 iwapo pengo ni kubwa, endelea na 120, umalizie na 220. Kitako husogezwa kwa mwendo mfupi, wa sentimita mbili hivi, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi na wala si kwa kukatiza, kwa sababu ukikatiza unakihamisha kutoka kwenye mbinuko unaojaribu kuunakili. Adui mkubwa wa kazi hii ni kifundo cha mkono: ukisukuma, kitako huinamia mbele, ukirudisha, huinamia nyuma, na baada ya nusu saa ya bidii sehemu ya chini huwa mviringo na hukalia mstari mmoja tu katikati. Dawa ni kuvuta upande mmoja pekee, kuelekea mkiani, kisha kuinua na kurudia, huku vidole vikishika chini kabisa karibu na msasa badala ya kushika nguzo za juu.

Ili kujua umefikia wapi, paka chaki nyeupe sehemu yote ya chini ya kitako, kiweke juu ya msasa laini na ukivute mara moja tu. Chaki itafutika mahali panapogusa na itabaki mahali ambapo bado ni tupu. Wengine hutumia karatasi ya kaboni, nayo inafaa kwa mti wa rangi nyepesi, lakini kwenye abunusi au rozwudi iliyokolea wino wake hauonekani vizuri. Mwanzoni utaona chaki imefutika kwenye vidoa viwili au vitatu. Vidoa hivyo vitapanuka kadiri unavyoendelea, hadi siku itakapofutika yote kwa mvuto mmoja. Kitako kitakuwa kimepungua unene kidogo, na magurudumu yatafidia kimo hicho baadaye.

Mtihani wa mwisho hufanyika gitaa likiwa limefungwa nyuzi na kutyuniwa kikamilifu, kwa kuwa uso hudidimia kidogo chini ya mgandamizo, na kilichokaa vizuri bila nyuzi huenda kisikae vilevile zikikazwa. Chukua risiti nyembamba ya dukani, ile ya mashine ya EFD, kata ukanda, na ujaribu kuupenyeza chini ya kitako kuzunguka pande zote. Usipenye popote. Ukipenya mahali, weka alama, legeza nyuzi, na usugue tena kidogo sehemu jirani inayogusa sana. Hatua hii huchosha, na ndiyo hatua ambayo mafundi wa haraka huiruka, kwa hiyo hata ukimpelekea fundi kazi hii, nenda ukaichukue ukiwa na risiti yako mfukoni.

Vitako viko vya aina mbili, kile kinachogusa uso kwa urefu wake wote na kile chenye miguu miwili na nafasi katikati. Chenye miguu miwili huwa na sehemu ndogo ya kusugua na ni rahisi zaidi kukilinganisha. Katika magitaa ambayo mbavu zake mbili za ndani zinakwenda sambamba na nyuzi, miguu hiyo hukaa karibu na juu ya mbavu hizo, na sauti huwa na makali zaidi. Kwa gitaa lenye mbavu zinazokatana kama herufi X, mimi napendelea kitako kizima. Tofauti yake haitoshi kumkosesha mtu usingizi.

Kuhusu kipande cha juu, jambo linalowakwamisha wengi ni fidia ya urefu wa nyuzi, yaani kila uzi kupewa urefu wake ili noti ziwe sahihi. Kipande cha chuma kilikupa skrubu sita. Kipande cha mti kinakuja kikiwa kimeshachongwa ngazi, na hutaweza kuzibadilisha isipokuwa kwa tupa. Ngazi hizo huchongwa kwa kukisia aina ya nyuzi utakazotumia. Kwa seti yenye uzi wa tatu uliozungushiwa waya, uzi wa pili hukaa nyuma ya wa kwanza, wa tatu hurudi mbele, kisha wa nne, wa tano na wa sita hurudi nyuma hatua kwa hatua. Kwa seti yenye uzi wa tatu mtupu, huo wa tatu hukaa nyuma sana. Ukinunua kipande cha aina moja na kufunga nyuzi za aina nyingine, kodi zako za katikati ya shingo zitakuwa na uchungu ambao hakuna tyuna itakayouondoa. Ndiyo maana nilisema nyuzi zichaguliwe kabla. Pima pia umbali kati ya nguzo mbili za kitako chako kabla ya kuagiza. Kwa vipande vingi vinavyofuata vipimo vya Tune-o-matic ni takriban milimita 74, lakini vipo vinavyotofautiana, na milimita moja tu inatosha kukifanya kipande kisiingie au kibane nguzo na kuzipinda.

Mifereji ya nyuzi huachiwa mnunuzi aichimbe. Iwe na kina cha karibu nusu ya unene wa uzi, na iteremke kidogo kuelekea mkiani ili uzi uachane na mti kwenye ukingo wa mbele, si katikati ya mfereji. Uzi unaolalia mfereji mrefu ulio bapa hutoa mlio wa nzi kama wa sitari, ala ya nyuzi ya India. Asiye na tupa za kazi hii anaweza kutumia vipande vya nyuzi nene za zamani, akivivuta kama msumeno, kwa kuwa mikunjo yake hukata mti taratibu na kuacha upana unaofaa. Malizia kwa kusugua risasi ya penseli ndani ya mifereji. Nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita ni takriban milimita 52 kwenye magitaa mengi ya aina hii, ila ya kwako ilinganishe na shingo yako, ili uzi wa kwanza usitelezee nje ya freti unapouvuta.

Mahali pa kuiweka briji hupatikana kwa hesabu nyepesi. Pima kutoka nati, kile kijiti chenye mifereji kilicho kichwani, hadi freti ya 12, zidisha mara mbili, kisha ongeza milimita mbili hadi nne, upande wa besi ukienda nyuma zaidi. Gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 24.75, kama ES-175, lina karibu milimita 314 hadi freti ya 12, hivyo briji itaangukia karibu milimita 630 au zaidi kidogo. Baada ya hapo sikio na tyuna vichukue kazi: linganisha hamoniki ya freti ya 12, ile noti inayotoka ukigusa uzi bila kuubonyeza, na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza briji kuelekea mkiani. Ikiwa chini, isogeze kuelekea shingoni. Legeza nyuzi kidogo kabla ya kusogeza. Tena, kila unapokaza nyuzi kutoka chini, msuguano huivuta sehemu ya juu ya briji kuelekea shingoni, nayo huanza kuinama bila wewe kuona. Itazame kwa ubavu na uisimamishe wima kwa vidole viwili vya kila mkono, kwa sababu briji iliyoinama hunyanyua ukingo wa nyuma wa kitako, na kazi yote ya msasa inapotea bure.

Sasa swali la mti. Rozwudi ni nyepesi kuliko abunusi na sauti yake ni laini zaidi. Abunusi hutoa noti zenye makali kidogo na huvumilia msuguano wa nyuzi kwa miaka. Mepo, mti wa nchi za baridi, una mwitikio wa haraka, ila nyuzi za chuma huukata upesi. Sisi wa Afrika Mashariki tunao mti wetu wa kuzungumzia, nao ni mpingo, unaotoka katika misitu ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji na kutumika duniani kote kutengeneza klarineti na obo. Mpingo una uzito wa zaidi ya gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo, huzama majini, na una ugumu ambao abunusi nyingi za briji hazifikii. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kupata mabaki yake kwa wachonga vinyago wa Mwenge kwa bei ya maelewano. Ninawashauri wanaotaka kuujaribu wazingatie mambo machache. Mabaki mengi ni ya mti uliokatwa karibuni, na mpingo mbichi hupasuka unapokauka, kwa hiyo tafuta kipande kilichokaa kivulini kwa muda mrefu, kisicho na ile sehemu ya pembeni yenye rangi ya maziwa, na ukiache nyumbani kwako miezi mingine kabla ya kukichonga. Kwa kuwa ni mzito, uuchonge mwembamba kuliko abunusi, la sivyo utarudi kulekule kwenye uzito wa chuma uliokuwa unaukimbia. Hunoi patasi mara moja ukamaliza kazi. Utainoa kila baada ya dakika chache, na mwisho wake tupa na msasa ndivyo vitakavyokusaidia. Jamii yote ya miti ambayo mpingo ni mmoja wake, pamoja na rozwudi, imo tangu mwaka 2017 katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Sehemu za ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019 kwa spishi nyingi, mpingo ukiwemo, lakini ubao ghafi bado unahitaji vibali kuvuka mpaka. Briji iliyokamilika mtumie rafiki yako. Gogo usilitie kwenye begi la safari.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina neno lake. Wakati wa masika mbao hunyonya unyevu, uso wa gitaa hupanda kidogo, na nyuzi huinuka pamoja nao. Kiangazi kikifika hushuka, na freti za juu huanza kugongwa. Ni kwa ajili ya hilo magurudumu ya briji yapo, na mtu asione haya kuyazungusha mara mbili au tatu kwa mwaka. Mimi huanza na milimita 2 kwa uzi wa kwanza na milimita 2.5 kwa uzi wa sita, nikipima juu ya freti ya 12, kisha hupandisha kidogo nikitaka sauti ijae zaidi. Nyuzi za chini mno huua sauti ya gitaa la jazi hata briji iwe ya mti gani. Kama kipande chako cha mti ni kinene na magurudumu yamefika mwisho wa kushuka huku nyuzi bado ziko juu, punguza upande wake wa chini kwa msasa, kamwe si upande wa juu wenye ngazi. Usifanye kazi ya kulinganisha kitako wakati wa mvua kubwa iwapo gitaa lako linaishi chumba chenye kiyoyozi siku nyingine. Fanya katika hali ya hewa ambayo gitaa huikuta mara nyingi.

Kuna gharama moja ambayo wauzaji wa briji za mti hawaizungumzii. Uso unapotetemeka kwa wepesi zaidi, huipokea pia sauti ya spika kwa wepesi zaidi, na gitaa ambalo jana lilitulia jukwaani leo linaanza kuunguruma kila unapogusa G au A za uzi wa sita. Kusogea mbali na spika, kupunguza besi kwenye amplifaya na kuziba matundu ya f kwa sponji husaidia, lakini kwenye ukumbi wenye ngoma nzito na spika ya monita miguuni pako msaada huo hautoshi. Kwa sababu hiyo sikukitupa kipande cha chuma. Kitako kilichosuguliwa vizuri kinavipokea vyote viwili, hivyo kwa hoteli na vyumba vidogo napiga na abunusi, na kwa jukwaa la kelele narudisha chuma. Kubadilisha ni kazi ya dakika chache, mradi nyuzi zilegezwe bila kuondolewa na kitako kisisogezwe kutoka mahali pake. Kimo cha kila kipande nimekiandika ndani ya kifuniko cha kasha la gitaa, kwa kuwa unene wao haulingani na magurudumu hulazimika kuzungushwa upya kila mara.